Injini ya Tatu na Nusu na Kichuguu cha Kasungami

Lubumbashi, Jumamosi, mwezi wa saba.

Asubuhi baridi ya kukaza vidole, mchana vumbi. Sasa ni jioni, anga ni safi, na mikono yangu bado inanuka mafuta ya injini. Nimenawa kwa sabuni mara mbili. Harufu haikuondoka, nami sikuilazimisha.

Nimeridhika. Ninaliandika neno hilo mapema kwa sababu mtu wa umri wangu anatarajiwa kuanza na maumivu ya magoti.

Kwa msomaji anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha lugha maisha yangu yote ya kazi, na niliwapunguzia watoto wa watu alama kwa sababu ya herufi moja. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Kwake nilirithi mambo mawili: kutoiamini skrubu iliyokazwa na mtu mwingine, na kupenda sauti ya chuma kinachofanya kazi yake sawasawa. Nilipostaafu, wenzangu walinunua viti vya kukalia nje. Mimi nilinunua lori dogo la rimoti, lenye injini ya kweli, inayokunywa mafuta na kutoa moshi.

Mke wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kalenga kwa jina la mwana wetu, aliliangalia siku ya kwanza akasema: "Sasa tuko na mutoto mudogo tena ku nyumba." Tangu siku hiyo hajanena zaidi, ila hufunga madirisha ninapoliwasha.

Sisi wenye malori haya si wengi. Tunakutana Jumamosi kwenye kiwanja changu cha Kasungami, kule ambako mji unaisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Katikati ya kiwanja kuna kichuguu. Simaanishi kirundo cha udongo cha kujikwaa. Hiki ni cha Katanga: kinapita paa la nyumba, kina nyasi na vichaka mgongoni, na kilikuwapo kabla ya mtu yeyote kudai kwamba ardhi ile ni yake. Malori yetu hukizunguka. Kila mmoja wetu amejaribu kukipanda hadi kileleni, na kila mmoja ameshindwa. Lililofika mbali zaidi lilikwamia penye bega la kichuguu, pale ambapo mteremko unasimama kama ukuta.

Kiwanja hicho nimempa Kalenga na mke wake Masika wajenge. Keshokutwa, Jumatatu, wafyatua matofali wanaingia. Watakikata kichuguu, wataufinyanga udongo wake na kuuchoma tanuruni, kwa kuwa hakuna udongo wa tofali unaoushinda ule uliotafunwa na mchwa. Ni jambo jema. Nililitaka mwenyewe.

Lakini maana yake ni kwamba leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho.

Injini ya zamani ya lori langu ilikuwa ya sentimita za ujazo mbili na nusu. Ilikuwa mtumishi mwaminifu penye ardhi tambarare. Mlimani ilikohoa. Mji wetu uko juu sana, hewa yake ni nyepesi, na injini ndogo hula hewa kama mtoto anavyokula bukari, ugali wetu: ukipunguza, unaona mara moja. Nilihitaji injini kubwa zaidi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuhusu watu badala ya vyuma.

Baba yake Masika ni Papa Kambale. Alitoka Butembo akiwa kijana, akaanza na magunia, na leo anauza bidhaa kwa jumla na ana malori makubwa yanayokwenda Kasomeno na kurudi. Ajabu ni kwamba mtu mwenye malori ya tani kwa tani huja Kasungami kila Jumamosi na kupiga magoti vumbini mbele ya lori la kubebwa kwapani. Yeye na mimi ni wakwe. Tunaitana "Mkwe". Tunasemeshana kwa wingi wa "ninyi", kama ilivyo heshima. Hatubishani uso kwa uso. Neno gumu likitokea, linapitishwa kwa mtoto aliyeziunganisha nyumba mbili, naye hulifikisha likiwa limepoa.

Mwezi uliopita mkwe alinipa zawadi mbele ya wenzetu wote. Ilikuwa injini mpya, ya nne nukta sita, au nne na sita kama tunavyosema sisi, ndani ya sanduku lake, pamoja na chujio lake kubwa la hewa la rangi ya bulu. Alikuwa ameiagiza kupitia wafanyabiashara wenzake. Aliiweka mikononi mwangu kwa mikono miwili akasema, "Mkwe, na hii mutapanda mpaka mbinguni." Watu wakapiga makofi. Nikashukuru, na nilishukuru kwa kweli, kwa maana ilikuwa injini nzuri.

Kisha nikaenda nyumbani nikaipima.

Haikufaa. Bomba lake la moshi linatokea nyuma, pale ambapo lori langu lina tangi la mafuta. Ekseli yake ni nene kuliko klachi yangu. Hayo yangeweza kurekebishwa na mtu mwenye subira na tupa. Lakini gia za lori langu zilitengenezwa kwa injini ndogo. Nguvu ya nne na sita ingezing'oa meno kabla ya kufika begani. Na uzito wake ungelilemea lori upande mmoja, na lori lililolemewa upande mmoja halipandi ukuta. Linapinduka.

Nilikaa na sanduku lile mezani jioni mbili. Mtu mwingine angeifunga injini ya mkwe, angeiacha ivunje gia, halafu angesema "ni bahati mbaya" na kulinda uhusiano. Nilifikiria. Sikuweza. Sijawahi kumwandikia mtu "vizuri" kando ya sentensi mbovu ili anipende, na siwezi kuanza sasa.

Kwetu, zawadi ya mkwe hairudishwi mkononi mwake. Ukiirudisha, umemrudishia na mtoto wake. Njia iliyobaki ni moja: kuikabidhi kwa mtoto mwenyewe aitunze, na kumtuma neno. Nilimwita Masika, nikampa sanduku, nikamwambia amweleze baba yake kwamba injini ni kubwa kuliko lori langu, kwamba nitatafuta ya tatu na nusu, na kwamba heshima yangu kwake haijapungua.

Masika alilishika sanduku kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani. "Papa," aliniambia, akiipima injini kwa mikono, "hii maneno iko nzito kupita hii moteur."

Alikwenda. Alirudi na jibu la neno moja: nimesikia.

Anayewajua wazee anaelewa uzito wa neno hilo. Si ndiyo, si hapana. Ni mlango uliofungwa taratibu. Na Jumamosi iliyofuata, mbele ya kichuguu, Papa Kambale aliniamkia kwa adabu yote, akauliza habari za nyumbani, akamuulizia Mama Kalenga, na kila mara aliponiita, aliniita "Mwalimu".

Si "Mkwe". Mwalimu, kama ninavyoitwa na muuza chumvi.

Kwa hiyo nilijua kinachopimwa leo. Lori langu likipanda na injini niliyoichagua mimi, itaonekana kwamba nilisema kweli kwa sababu ni kweli. Likikwama, nitakuwa nimeikataa zawadi ya mkwe kwa kiburi tu, na hakutakuwa na Jumamosi nyingine ya kuthibitisha vinginevyo. Kichuguu kitakuwa tofali, na lile "Mwalimu" litabaki. Masika ataishi katikati yetu, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa udongo huo.

Injini ya tatu na nusu niliipata kwa mfanyabiashara mmoja anayevuka mpaka pale Mokambo. Ilikuwa imetumika kidogo, haikuwa na chujio, lakini pistoni yake ilipanda kwa ugumu unaotakiwa na haikuwa na mchubuko. Bomba lake la moshi linatokea ubavuni. Niliigeuza mikononi kwa muda mrefu hadi yule bwana akaniuliza kama ninanunua injini au ninamchumbia mtu binti.

Kuifunga kulinipa furaha ambayo sitaificha. Matundu ya kitako hayakulingana na ya lori, nikakata kitako kipya kwa bamba la aluminiamu na kukipiga tupa mpaka injini ikakaa bila kutikisika. Kati ya gia mbili niliweka kipande cha karatasi, nikazibana, nikakaza skrubu, kisha nikavuta karatasi: huo ndio mwanya sahihi kati ya meno na meno. Gia ya injini nilichagua ile ndogo. Vijana wa siku hizi huweka kubwa wapate mbio. Mimi sikutaka mbio. Nilitaka kupanda. Chini ya kichwa cha injini niliondoa washa moja, yaani kile kipete chembamba cha shaba, ili hewa yetu nyepesi ibanwe zaidi. Washa ile niliihifadhi, ingawa mtu wa mji huu wa migodi kuhifadhi kipande cha shaba ni kama mvuvi kuhifadhi maji.

Kisha nikaizoeza. Tangi baada ya tangi, polepole, mafuta mengi, moshi mwingi, Mama Kalenga na madirisha yake. Mwishoni ilinguruma kwa sauti moja isiyo na kigugumizi. Nililala vizuri.

Sasa ninafika kwenye kosa. Ni la juzi tu na ni langu peke yangu, kwa hiyo nitaliandika kwa ukamilifu.

Kwa kuwa injini ilikuja bila chujio, nilikuwa nikitumia lile la injini ya zamani. Chujio la hewa la magari haya ni sifongo, na sifongo lazima ipakwe mafuta ili vumbi linase humo lisiingie kwenye pistoni. Vumbi la Kasungami mwezi wa saba ni kama unga. Juzi mchana nililiosha chujio, likakauka juani, nikatafuta mafuta yake maalumu. Yamekwisha. Wenzangu hupaka oili yoyote ya gari. Mimi nikaona nina kitu bora zaidi.

Nina mawese.

Mawese yetu yanatoka kaskazini, kwa ndugu zangu. Ni mazito, ni safi, hayana uchafu wa gereji. Na ni mekundu, hivyo unaona kwa macho ni wapi yamefika na wapi hayajafika. Nilipaka, nikakamua, nikapaka tena. Jua la mchana lilikuwa kali na mawese yalienea ndani ya sifongo kwa usawa wa kupendeza. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilijiuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kufikiria jambo hilo.

Leo alfajiri nilipeleka lori uani kulisikiliza kabla ya safari. Nilivuta kamba. Injini ikawaka, ikatoa moshi mzito mweupe, ikakohoa, ikafa. Nikavuta tena. Ikafa tena. Plagi niliyoifungua ilikuwa imelowa.

Nilisimama na bisibisi mkononi. Kila mtu wa malori haya angejua la kufanya: mafuta yamezidi hewa, basi kaza skrubu ya mafuta, yapungue. Niliiweka ncha ya bisibisi juu ya skrubu. Lakini skrubu ile niliipima mwenyewe wiki iliyopita, na ilikuwa sahihi. Skrubu niliyoikaza mimi haibadiliki usiku. Ikiwa mafuta yamezidi hewa na mafuta hayajaongezeka, basi ni hewa iliyopungua.

Hewa imekwenda wapi?

Nikaenda kupasha kitambaa moto. Katika asubuhi za baridi ndivyo tufanyavyo: kitambaa kinapata joto la mbabula, jiko letu la makaa, kisha tunakizungusha kwenye kichwa cha injini. Lori na mafuta yake hubaki upande wa pili wa ua, mbali na makaa. Mama Kalenga alikuwa amekwisha kuwasha mbabula yake, anapika maharagwe ya kwenda nayo Kasungami. Pembeni mwa makaa alikuwa amesimamisha chupa ya mawese. Ndani ya chupa hakikucheza kitu. Kilikuwa kimekaa wima, rangi ya chungwa, kigumu kama sabuni.

Nadhani niliitazama muda mrefu, kwa maana alisema bila kugeuka: "Baba Kalenga, acha hiyo chupa. Mawese iko naota moto, sawa mweye."

Mawese yanaota moto, kama mimi.

Nilirudi kwenye lori, nikafungua chujio. Sifongo ilikuwa imegeuka kuwa mshumaa. Nilipuliza kwa mdomo. Pumzi yangu haikupita. Nimekula mawese tangu nilipoota meno, nimemwona mama yangu akiyayeyusha kila asubuhi ya baridi, na bado niliyapaka kwenye pua ya injini katikati ya mwezi wa saba. Na kama ningekaza ile skrubu, basi mchana jua lingeyayeyusha, hewa ingerudi yote, mafuta yangekuwa machache, na injini ingeungua kabla ya kuona kilele. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umbali wa robo mzunguko kutoka kwenye msiba.

Kuyayeyusha tu hakutoshi: mawese yangeganda na kuyeyuka kwa kufuata jua, na hewa isingetulia. Chujio likioshwa asubuhi ya baridi halikauki kabla ya jioni. Kwenda bila chujio ni kuilisha injini mchanga. Wenzangu wana machujio yao yanayofanya kazi. Duka la vitu hivi hapa mjini halipo.

Kulikuwa na chujio moja tu jipya, safi, lililopakwa mafuta kiwandani, ambalo mdomo wake ningeweza kuufungia kwenye kabureta yangu. Lilikuwa la rangi ya bulu. Lilikuwa ndani ya sanduku nililolikataa.

Nilivaa koti nikaenda kwa Masika.

Nitasema kweli: njia si ndefu, lakini nilitembea kwa hatua za mtu anayepelekwa ofisini kwa mkuu wa shule. Masika alinifungulia akiwa na kitenge begani. Nilimwamkia, nikamwambia ninachotaka, na kwa nini, bila kupunguza neno. Nilipofika kwenye mawese, aligeukia ukuta kidogo. Mabega yake yalitikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa na adabu kamili.

"Papa, kitu iko yenu," alisema. "Miye niko nachunga tu."

Alileta sanduku, nikachomoa chujio, nikaiacha injini mahali pake. Alinisindikiza hadi barabarani, kama inavyopasa, na hapo akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Lakini papa yangu atakiona. Ile bulu inaonekana toka mbali."

"Lori lina bodi," nilimjibu. "Bodi inafunika kila kitu."

Alikunja kitenge chake upya. Nikaenda zangu, na njia nzima nilisikia nilichokuwa nimekisema.

Kasungami palikuwa pamejaa kuliko kawaida. Kila mtu alijua ni mara ya mwisho. Vyungu vilikuja, Mama Kalenga akatandika mkeka wake, na Papa Ngoy, mzee mwenzangu aliyestaafu relini na ambaye hajawahi kukosa neno, alinipokea kabla sijaweka lori chini.

"Mwalimu, hii kichuguu haiogope fimbo. Uliza bantu bote hapa."

"Fimbo nimeiacha nyumbani, Papa Ngoy."

"Basi utapanda na nini? Na mashairi?"

Papa Kambale alikuwa amesimama upande wa pili na miwani yake ya jua. Alinipa mkono. "Mwalimu. Mulilala muzuri?" Nilijibu kwamba nililala vizuri. Aliliangalia lori, likiwa limefunikwa bodi yake nyekundu mpaka chini, kisha akakiangalia kichuguu.

Nikaliwasha. Injini ilikamata kwa mvuto wa kwanza. Sauti moja, safi, isiyo na kigugumizi. Wenye masikio waligeuka.

Jaribio la kwanza lilifika begani na kukwama hapo hapo tunapokwama sote. Magurudumu yalitifua vumbi, lori likateleza, nikalirudisha chini kinyumenyume. Papa Ngoy alikohoa. Mimi sikuwa na shaka, na ninaliandika hivyo bila aibu. Nilikuwa nimeisikiliza injini pale begani: haikulemewa. Iliyoshindwa ilikuwa njia. Sisi sote tunakipanda kichuguu kwa upande wa mbele kwa sababu ndiko tunakosimama.

Niliwaomba watu wasogee, nikazunguka upande wa mashariki, penye mizizi ya kichaka inayoshika udongo. Nikalielekeza lori kwa mshazari, si wima. Nikabana rimoti taratibu.

Lilipanda. Lilipita bega kama mtu anayepita mlangoni kwake. Injini ilishuka sauti, nzito, haikukohoa, ikavuta. Liliingia nyasini, nikalipoteza machoni, nikaendesha kwa sikio tu; halafu bodi nyekundu ikatokea juu kabisa, kwenye anga, na ikasimama pale ikitetema.

"Mchwa batahama leo leo," alisema Papa Ngoy.

Watu walicheka, wengine wakapiga miluzi. Nililiacha lori kileleni kwa muda. Sikuwa na haraka. Kisha nikalishusha kwa njia ile ile, gurudumu kwa gurudumu, na likaja kusimama mbele ya viatu vyangu.

Papa Kambale alivua miwani. Alikuja hadi katikati, mbele ya wote, na alifanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa hadhi yake. Alisema kwa sauti ya kusikika: "Mwalimu alisema ukweli. Ile yangu ilikuwa mukubwa. Ingevunja." Akanipa mkono mara ya pili.

Basi, nilikuwa na kila kitu. Kilele, ushahidi, na neno lake mbele ya mashahidi. Bodi ilikuwa imefungwa. Ningeweza kurudi nyumbani hivyo, na usiku kulirejesha chujio sandukuni, na ni Masika peke yake ndiye angejua. Nilimwona amesimama nyuma ya mama mkwe wake. Hakunitazama. Alitazama chini.

Lakini bado alikuwa ameniita Mwalimu. Na mwalimu anayepokea alama ambazo si zake zote ni mwizi kama mwanafunzi yeyote.

Niliinama, nikachomoa vipini, nikaiinua bodi.

Rangi ile inaonekana kutoka mbali, Masika alisema kweli. Ilikuwa imesimama juu ya injini yangu kama taji la harusi. Papa Kambale aliitazama. Alichuchumaa, akaigusa kwa kidole kimoja. Wenzetu, waliokuwapo siku ya zawadi, waliitambua pia, na vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Nilieleza. Nilieleza mbele ya wote kuhusu mawese, kuhusu sifongo iliyogeuka mshumaa, na kuhusu mbabula ya Mama Kalenga. Sikumtuma mtoto. Nilisema: "Injini ni niliyoichagua mimi, na nilichagua sawa. Lakini asubuhi ya leo haikuwa na pumzi. Pumzi iliyopanda pale ni yenu, Mkwe."

Nilikuwa wa kwanza kulitamka neno hilo.

Papa Ngoy ndiye aliyeanza. "Mawese?" aliuliza. "Mawese ku moteur? Mwalimu, ulisahau chumvi na pilipili." Hapo hakukuwa na wa kuzuia. Mama Kalenga alijifunika uso kwa kitambaa. Masika alikuwa ameketi chini kabisa. Nilisimama wima nikawaacha wacheke. Walikuwa na haki.

Papa Kambale hakucheka mara moja. Alibaki amechuchumaa, akizungusha kichwa chake taratibu kama mfanyabiashara anayekagua mzigo. Kisha aliinuka, akajikung'uta magoti, na uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Basi, Mkwe," alisema, "kumbe ni pumzi yangu njo ilipanda. Hii moteur yenu ilibebwa tu."

Sikumsahihisha.

Tulikula maharagwe tukiwa tumeegemea kichuguu, upande wa jua. Udongo wake ulikuwa na joto. Kalenga alikuwa akipima kwa miguu mahali pa sebule, na Masika akimwambia asogee, sebule haianzi hapo. Jumatatu wafyatua matofali wakifika nitakuwapo. Nilidhani nitaona uchungu. Sasa ninadhani nitataka tu kuhakikisha tanuru limepangwa sawasawa.

Ile ya nne na sita bado iko kabatini kwa Masika. Mkwe anasema tutafute lori zito litakaloistahili, lake na langu. Atakuwa na maoni mengi kuhusu gia. Ninaona mapema kwamba hayatakuwa sahihi, na safari hii nitamwambia mwenyewe.

Kesho baada ya misa nitakwenda kwake kubisha hodi. Mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu. Nimekwisha kuiweka kando chupa moja ya mawese ya kwetu, nzuri, nyekundu, iliyoganda.

Nitamwambia ni ya kupikia tu.